MSAADA USIISHIE UWANJA WA NDEGE

Linapotokea tetemeko kubwa la ardhi popote duniani, jambo la kwanza kuonekana ni huruma ya walimwengu. Salamu za rambirambi hutumwa, michango hutangazwa, na ndege zilizojaa mahema, dawa na vyakula huruka kuelekea kwenye mji mkuu wa nchi iliyopatwa na msiba. Yote hayo ni mema, na hakuna mwenye utu atakayeyabeza. Lakini liko swali moja ambalo aghalabu haliulizwi mpaka wapiga picha wamekwisha kuondoka. Je, mkulima aliye kijijini, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka barabarani, amepata nini, na amekipata lini?

Swali hilo lastahili kuulizwa kwa makini kuhusu Nepal, nchi ya milima ya Himalaya isiyo na bahari, iliyo kati ya India na China. Zaidi ya miaka 10 imepita tangu ipatwe na msiba wake mkubwa, na muda huo unatosha kupima bila jazba yale yaliyofanywa vizuri na yale yaliyokwenda kombo. Kipimo hicho hakiihusu Nepal peke yake. Kinaihusu kila nchi ambayo wananchi wake wengi huishi vijijini na kula jasho la jembe lao, Tanzania ikiwa miongoni mwao.

Jumamosi tarehe 25 Aprili, 2015, saa sita kasoro dakika chache mchana, tetemeko lenye ukubwa wa 7.8 lilianzia karibu na kijiji cha Barpak, wilayani Gorkha, kiasi cha kilomita 80 kaskazini-magharibi ya mji mkuu, Kathmandu. Tarehe 12 Mei, watu wakiwa bado wanalala nje kwa hofu, likaja jingine la 7.3 upande wa mashariki, likaziangusha kuta zilizokuwa zimebaki na nyufa. Karibu watu 9,000 walipoteza maisha, na zaidi ya 22,000 walijeruhiwa. Nyumba zipatazo nusu milioni zilibomoka kabisa, na nyingine zaidi ya robo milioni ziliharibika. Watu wapatao milioni 8, yaani zaidi ya robo ya wananchi wote wa nchi ile, waliguswa na maafa hayo kwa namna moja au nyingine.

Picha zilizosambaa duniani zilikuwa za Kathmandu: mahekalu ya kale yaliyogeuka vifusi, na mnara wa Dharahara uliobaki kisiki. Lakini msiba wenyewe ulikuwa vijijini. Wilaya moja tu ya milimani, Sindhupalchok, ilipoteza watu zaidi ya 3,000, na karibu nyumba zote za wilaya hiyo zilianguka. Katika bonde la Langtang, theluji, barafu na mawe yaliporomoka kutoka mlimani na kukifunika kijiji kizima; watu zaidi ya 200 walifia hapo, wenyeji pamoja na wageni waliokuwa wakitembelea milima.

Sababu ya tofauti hiyo haina siri. Nyumba ya mkulima wa Nepal ilikuwa ya mawe yaliyopangwa kwa udongo, yasiyo na saruji wala mkanda wa kuyashika, na juu yake mara nyingi paa zito la vigae vya mawe. Ni nyumba aliyoijenga kwa mikono yake na kwa vitu alivyokuwa navyo, na ilimfaa kwa baridi na kwa mvua. Ardhi ilipotikisika, haikumfaa tena. Tetemeko halikuchagua kati ya tajiri na maskini, lakini nyumba ya maskini ndiyo iliyoanguka.

Hata miongoni mwa maskini, mzigo haukuwa sawa. Wanawake na wasichana waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume, na moja ya sababu ni kwamba saa ile wao ndio waliokuwa ndani wakishughulikia kazi za nyumbani. Wanaume wengi vijana hawakuwako kijijini kabisa. Walikuwa wamekwenda kuuza nguvu zao katika nchi za Ghuba, Malaysia na India, kwa sababu shamba la nyumbani halikutosha kuwalisha. Hivyo vijiji vilivyopigwa na tetemeko vilikuwa vijiji vya wazee, wanawake na watoto. Jambo moja la heri lilikuwa kwamba Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko nchini Nepal. Shule zaidi ya 7,000 ziliharibika vibaya au kubomoka. Ingekuwa siku ya masomo, hesabu ya vifo vya watoto ingekuwa ya kutisha mara nyingi zaidi.

FIMBO YA MBALI

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Vikosi vya uokoaji vilivyotoka nchi za nje vilifika Nepal vikiwa na mbwa wa kunusa na mitambo ya kisasa, na askari wake walifanya kazi kwa moyo. Hata hivyo, watu waliotolewa hai na vikosi hivyo walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wale waliochimbuliwa na majirani zao kwa mikono, majembe na mitaimbo. Jambo hili limeonekana karibu kila mahali panapotokea tetemeko. Mtu aliyefukiwa hana muda wa kusubiri ndege. Saa za mwanzo ni saa za jirani yake.

Kutokana na ukweli huo, mwanakijiji hapaswi kuhesabiwa kuwa mtu wa kuokolewa tu. Yeye ndiye mwokoaji wa kwanza. Anajua nani alikuwa ndani ya nyumba ipi, kisima kiko wapi, na njia ipi hupitika mawe yanapoporomoka. Msaada wowote unaompita mtu huyo na kujifanya kuanza kazi upya hupoteza muda, na wakati wa maafa, kupoteza muda ni kupoteza watu.

Msaada wa Nepal ulikwama mapema na mahali pa wazi. Nchi nzima ilikuwa na uwanja mmoja tu mkubwa wa ndege wa kimataifa, wenye njia moja ya kurukia, pale Kathmandu. Mwanzoni mwa mwezi Mei njia hiyo ilianza kupasuka kwa uzito, na ndege kubwa zenye zaidi ya tani 196 zikazuiwa kutua. Shehena zilizofika zilikumbana na taratibu za forodha, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuiomba Serikali hadharani iharakishe utoaji wa mizigo. Maturubai na mahema yalisamehewa ushuru, lakini lawama za ucheleweshaji ziliendelea kusikika.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Si kila kilichokuwa kimelundikana pale uwanjani kilistahili kuharakishwa. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Ram Sharan Mahat, alilalamika waziwazi kwamba nchi yake ilikuwa ikiletewa samaki wa makopo na mayonezi, hali watu wake walihitaji nafaka, chumvi na sukari. Lalamiko hilo lastahili kukumbukwa na kila mwenye nia ya kusaidia. Anayempelekea mkulima wa milimani mayonezi hakumuuliza mkulima huyo anakula nini. Huenda alikuwa na huruma ya kweli. Lakini huruma isiyouliza huishia kuwa mzigo mwingine katika njia ambayo tayari imesongwa.

Kutoka uwanja wa ndege hadi kijijini kulikuwa na safari nyingine ngumu zaidi. Maporomoko yalikuwa yamezifunga barabara, na vijiji vingi havikuwa na barabara tangu mwanzo. Helikopta zilikuwa chache, za gharama kubwa, na hazikuweza kuruka mawingu yaliposhuka. Hapo ndipo Shirika la Chakula Duniani lilipofanya jambo la busara. Liliajiri maelfu ya wapagazi wa milimani, watu ambao kazi yao ya kila mwaka ilikuwa kubeba mizigo ya watalii, ambao sasa walikuwa hawaji tena. Kwa nyumbu na kwa migongo ya watu, mchele, mahema na mabati vilipandishwa hadi vijiji vilivyokuwa vimekatika. Njia zilizobomoka zilitengenezwa na watu haohao kwa ujira.

Mpango huo ulikuwa na faida mbili kwa pamoja. Msaada ulifika, na njiani uliacha mshahara mikononi mwa watu waliokuwa wamepoteza riziki. Mtaalamu aliyetoka mbali hakuwa na ujuzi wa njia zile. Mpagazi alikuwa nao. Inafaa ikumbukwe kwamba ujuzi huo haukununuliwa ng'ambo wala haukupakiwa katika ndege.

MVUA HAINGOJI KIKAO

Mkulima ana kalenda yake, nayo haiandikwi ofisini. Nepal, mvua kubwa za masika huanza mwezi Juni, na mpunga hupandwa Juni na Julai. Tetemeko lilitokea mwishoni mwa Aprili. Kwa hiyo mkulima alikuwa na wiki chache tu za kufanya mambo mawili: kupata paa la kumkinga na mvua, na kupata mbegu ya kutia shambani. Mbegu zake za akiba zilikuwa zimefukiwa chini ya nyumba. Maelfu ya ng'ombe, nyati na mbuzi walikuwa wamekufa mazizini. Mahali pengine hata chemchemi zilikauka au kuhama baada ya ardhi kutikisika.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliiona hatari hiyo na kugawa mbegu za mpunga na mifuko ya kuhifadhia nafaka kabla msimu haujapita. Kazi hiyo haikupata picha nyingi magazetini, kwa maana gunia la mbegu halivutii macho kama helikopta. Lakini uzito wake ni huu: mchele wa msaada humlisha mkulima mwezi mmoja, na mbegu iliyofika kwa wakati humlisha mwaka mzima na kumwondolea aibu ya kupanga foleni. Mbegu ikichelewa majuma mawili tu, haina kazi tena, hata kama imeletwa bure. Atakayeulizwa baadaye kwa nini kijiji kinaendelea kuomba chakula, asiseme wanakijiji ni wavivu. Atazame kwanza tarehe ambayo mbegu ilitoka ghalani.

Hali kadhalika paa. Serikali ya Nepal ilizipa familia zilizobomolewa nyumba rupia 15,000 za kujisitiri kwa muda, na familia nyingi zilinunua mabati. Mabati yale yaliokoa maisha katika masika ya kwanza. Ila yalikuwa ya moto mchana na ya baridi kali usiku, na hayakukusudiwa kuwa makazi. Yalikusudiwa kumvusha mtu mpaka nyumba itakapojengwa. Na nyumba haikujengwa kwa haraka.

FEDHA ZIPO, NYUMBA HAZIPO

Tarehe 25 Juni, 2015, miezi miwili kamili baada ya tetemeko, mataifa na mashirika yalikutana Kathmandu na kuahidi zaidi ya dola bilioni 4 kwa ajili ya ujenzi mpya. Mwananchi wa kawaida aliyesikia habari hiyo redioni alikuwa na haki ya kuamini kwamba kabla ya majira ya baridi atakuwa ndani ya nyumba yake. Haikuwa hivyo. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi Mpya ilianzishwa kwa amri ya muda, na amri hiyo ikaachwa iishe nguvu bila kuthibitishwa na Bunge. Vyama vilishindana kwa miezi kuhusu sheria yake na kuhusu nani aiongoze. Sheria ilipitishwa mwezi Desemba, na mkuu wa Mamlaka hiyo aliteuliwa mwezi huohuo, miezi minane baada ya watu kulala nje.

Katikati ya mvutano huo, mwezi Septemba 2015, Katiba mpya ilitangazwa, na machafuko ya kusini pamoja na kufungwa kwa njia za mpaka wa India yaliizuilia nchi mafuta, gesi ya kupikia na dawa mpaka mapema mwaka 2016. Nchi isiyo na bahari ilikumbushwa kwa ukatili jinsi maisha yake yanavyotegemea njia za wengine. Malori ya kupeleka vifaa milimani yalikosa dizeli, na majira ya baridi yakaingia. Wazee na watoto waliyapitisha chini ya mabati. Msiba ulioletwa na ardhi ulikuwa umekwisha. Huo uliofuata uliletwa na watu, na hauna kisingizio cha kudra.

Wananchi wa vijijini walikuwa wapi wakati mambo yao yakijadiliwa? Jibu lake ndilo kiini cha somo la Nepal. Tangu mwaka 1997 hapakuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa nchini humo, na mabaraza yaliyochaguliwa yalimaliza muda wake mwaka 2002. Vita vya ndani na mivutano ya kisiasa viliuahirisha uchaguzi mwaka hadi mwaka. Tetemeko lilipotokea, vijiji havikuwa na viongozi waliochaguliwa kwa miaka 13. Kijiji kiliwakilishwa na mtumishi aliyeteuliwa, ambaye mara nyingine alikuwa na vijiji zaidi ya kimoja mikononi mwake. Asiyekuwapo na lake halipo. Uchaguzi wa mitaa ulifanyika hatimaye mwaka 2017, miaka 2 baada ya tetemeko, na ndipo mkulima alipopata tena mlango wa karibu wa kubisha.

Haifai kusema kwamba demokrasia ya kijiji huzuia matetemeko. Lakini baraza la kijiji lililo hai lina daftari la kaya. Linajua mjane ni yupi, yatima ni yupi, nani ana shamba na nani ni kibarua, na nani amejiandikisha mara mbili. Linaweza kuitwa mkutanoni na kuhojiwa. Pasipokuwa nalo, hesabu hufanywa na wageni, na malalamiko hupelekwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kuyasikiliza.

MIKONO YA MWENYE NYUMBA

Ujenzi ulipoanza, Nepal ilichukua uamuzi mmoja ulio sahihi, nao wastahili sifa. Haikuwakabidhi makandarasi wakubwa kazi ya kujenga nyumba za aina moja kutoka bonde hadi bonde. Iliamua kwamba kila familia ijenge nyumba yake yenyewe kwa ruzuku ya Serikali. Ruzuku hiyo ilianza kwa rupia 200,000, kisha mwaka 2016 ikapandishwa hadi rupia 300,000, sawa na takriban dola 3,000. Ililipwa kwa mafungu matatu, na kila fungu lililofuata lilitolewa baada ya mhandisi kuthibitisha kwamba ujenzi unafuata kanuni za usalama.

Maelfu kwa maelfu ya waashi walifundishwa, wanawake wakiwemo. Walijifunza kwamba mawe yaleyale ya mlimani hayana haja ya kutupwa, bali yafungwe kwa mikanda ya mbao au ya zege, kuta zisipandishwe juu kupita kiasi, na paa liwe jepesi. Elimu hiyo ilibaki kijijini, na nyumba itakayojengwa na mjukuu itakuwa imara kwa sababu ya fundi aliyefundishwa baada ya mwaka 2015. Mamlaka ya Ujenzi Mpya ilipofunga kazi mwishoni mwa mwaka 2021, nyumba laki kadhaa zilikuwa zimekwisha kusimama. Zilichelewa, lakini zilijengwa na wenyewe.

Hata hivyo, uamuzi sahihi ulikuwa na mwanya, na waliotumbukia humo walikuwa wanyonge zaidi. Kupata ruzuku kulihitaji hati ya ardhi. Wako wananchi wa Nepal, hasa wa tabaka lililodharauliwa kwa vizazi vingi na lililonyimwa ardhi, ambao hawakuwa na hati kwa sababu walikuwa wakiishi juu ya ardhi ya wengine. Wako wajane ambao hati ilikuwa kwa jina la marehemu au la shemeji. Hao waliambiwa walete karatasi wasiyopata kuwa nayo. Aidha, fungu la kwanza la fedha lilitosha kuanza msingi tu, na asiye na akiba wala ndugu ng'ambo alilazimika kukopa kwa riba ili afikie ukaguzi wa pili. Mipango ya kuwasaidia walio hatarini zaidi ilikuja baadaye. Somo lake ni rahisi kulisema na gumu kulitenda: sheria ya msaada inayotungwa kwa kumfikiria mwenye karatasi itamwacha asiye nayo, na asiye nayo ndiye aliyekuwa wa kwanza kustahili.

Yasidhaniwe haya kuwa mambo ya Nepal tu. Tarehe 8 Septemba, 2023, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 liliua karibu watu 3,000 nchini Moroko, wengi wao katika vijiji vya udongo na mawe vya milima ya Atlas, ambako punda na nyumbu walifika mahali gari lisipoweza kufika. Usiku wa tarehe 31 Agosti, 2025, tetemeko la 6.0 tu liliua watu zaidi ya 2,000 mashariki mwa Afghanistan, katika mabonde ambamo nyumba zilikuwa za udongo na barabara zilikuwa zimefungwa na maporomoko. Nchi ni mbalimbali, lugha ni mbalimbali, lakini maiti ni za watu walewale: wakulima na wafugaji wa mbali na lami.

FUNZO KWA TANZANIA

Watanzania hawana sababu ya kuyasoma haya kama habari za ugenini. Bonde la Ufa linapita katika nchi hii. Tarehe 13 Desemba, 1910, eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa barani Afrika katika karne ya 20. Wakati huo wakazi walikuwa wachache na nyumba zilikuwa za miti na nyasi. Leo maeneo yaleyale yana miji, shule na nyumba za matofali.

Na tarehe 10 Septemba, 2016, mkoa wa Kagera ulionja machungu. Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9, dogo sana likilinganishwa na lile la Nepal, liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia na kuharibu maelfu ya nyumba mjini Bukoba na vijijini. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zililazimika kufungwa. Wananchi wa mikoa yote walichanga kwa moyo wa udugu. Lakini katika mwezi huohuo watumishi wawili wa ngazi za juu walitenguliwa vyeo kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina sawa na ile rasmi ya kupokelea michango. Hatua hiyo ya haraka ilikuwa ya lazima. Senti ya mchango wa maafa ni amana. Imetoka kwa kabwela, inakwenda kwa kabwela, na yeyote anayeigusa njiani anamwibia maskini mara mbili.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Huo ni msingi mzuri, na hapo Tanzania ina kitu ambacho Nepal ya mwaka 2015 haikuwa nacho, yaani serikali ya kijiji na mkutano wa wanakijiji wenye nguvu ya kisheria. Lakini kamati iliyoandikwa katika sheria haichimbui mtu kwenye kifusi. Ni wajibu wa watendaji wa wilaya kuhakikisha kwamba kila kamati ya kijiji imekutana, ina orodha ya kaya iliyo sahihi, ina majembe, mitaimbo na machela, na inawajua mafundi, wakunga na wahudumu wa afya walio kijijini. Ni wajibu wa wanakijiji nao kuidai kazi hiyo mkutanoni, wasingoje kuletewa semina.

Ni lazima pia maghala ya akiba yawekwe mikoani badala ya kurundikwa mahali pamoja, na mbegu zihesabiwe humo sawa na mahindi na mablanketi. Ni lazima mafundi wa vijijini wafundishwe ujenzi salama kabla ya msiba, hasa katika mikoa ya Bonde la Ufa, kwa vifaa ambavyo mwananchi anaweza kuvipata. Kumwambia mkulima ajenge nyumba ya nondo na zege asiyoweza kuilipia ni kumdhihaki. Kumwonyesha namna ya kufunga kuta zake kwa mkanda ni kumwokoa. Na hesabu za michango zibandikwe mahali wanakijiji wanapoweza kuzisoma: kilichopokewa, kilichotolewa, aliyepewa na kilichobaki.

Kwa wafadhili wa nje neno ni moja. Mchango wao unakaribishwa kwa shukrani, ila wamuulize kwanza mwenye msiba. Fedha taslimu zilizofika kwa wakati, mbegu za msimu na ujira kwa watu wa hapohapo vimethibitika kuwa na manufaa kuliko shehena za vitu visivyoombwa. Ahadi inayotangazwa mbele ya kamera itimizwe hata baada ya kamera kuondoka. Na msaada usigeuzwe kamba ya kuifunga nchi iliyoanguka, kwa maana anayemwinua mwenzake hamwekei masharti akiwa angali chini.

Nepal ilipata huruma ya dunia kwa majuma machache, na wakulima wake wakalala chini ya mabati kwa majira zaidi ya moja ya baridi. Kati ya huruma ile na mabati yale palikuwa na uwanja wa ndege uliosongwa, sheria iliyocheleweshwa, mpaka uliofungwa na vijiji visivyo na sauti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicholetwa na tetemeko. Vyote vilikuwapo, au viliundwa na watu, na vyote vingeweza kurekebishwa mapema.

Tarehe ya tetemeko haijulikani na mtu. Inayojulikana ni tarehe ya mkutano ujao wa kijiji. Hapo ndipo matayarisho yaanzie, na hapo ndipo msaada wowote utakaokuja uwe na mahali pa kufikia na mtu wa kuupokea.